Ukuta wa Korido

Nyumba yetu iko Igogo, juu mlimani, ambako gari linaishia chini barabarani na sehemu iliyobaki mtu anapanda kwa miguu akipita katikati ya mawe. Mume wangu aliijenga kwa mikono yake, chumba kimoja kimoja, sisi tukiwa tunaishi humohumo. Alikuwa fundi mwashi. Mimi nashona sare za shule, na cherehani yangu iko sebuleni, chini ya dirisha linalotazama ziwa.

Kwa nyuma nyumba imeegemea jabali. Chumba chetu cha kulala kina dirisha moja, lenye nondo, na ukilifungua unaona jiwe: jiwe la kijivu, michirizi myeupe ya ndege, na pimbi wanaokuja kuota jua asubuhi. Kiwanja kilikuwa chembamba, kwa hiyo korido ya kutoka chumbani kwenda sebuleni aliibana sana, tena akaipa kona. Watu wawili hawapishani humo. Juu ya vyumba hivyo alimwaga zege, akajenga vyumba viwili vya watoto, ngazi akaiweka nje. Watoto wamekua, wameondoka, kila mmoja yuko mji wake. Huko juu kulibaki vitanda vitupu na tangi la maji.

Kiharusi kilimpata asubuhi akiwa anavaa viatu ili aende kazini. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vikalala, na maneno yakaondoka yote isipokuwa moja. Neno lililobaki ni “bado”. Ukimuuliza kama ameshiba, bado. Ukimwambia mtoto amepiga simu, anakusalimia, bado. Akifurahi alilisema kwa upole, akikasirika alilipigia kelele. Daktari alinieleza kwamba akili yake iko salama, ila njia ya kutolea maneno ndiyo imekatika. Nilimwelewa daktari siku ile. Lakini kumwelewa daktari ni jambo jingine, na kuishi siku nzima na mtu mwenye neno moja ni jambo jingine. Baada ya miezi michache niliacha kumuuliza chochote. Wageni nao wakaacha. Walikuwa wanasimama mlangoni mwa chumba, wanasema, “Shikamoo mzee, pole sana,” yeye anajibu bado, halafu wananigeukia mimi na kuniuliza habari zake, naye akiwa pale pale anawasikia.

Watu wa kanisani walituletea kiti cha magurudumu. Tulikifurahia kwa muda wa dakika tano. Kiliingia koridoni kutoka sebuleni, kikagonga ukuta kwenye kona, kikashindwa kugeuka. Tulijaribu kukiingiza kinyumenyume, tukajaribu kukiinamisha. Mwishowe kikawekwa sebuleni, nikawa natundika juu yake sare zilizokwisha kupigwa pasi. Mume wangu akabaki chumbani na lile jiwe lake dirishani. Siku za kliniki wanaume wanne walikuwa wanambeba ndani ya blanketi, kama gunia, na yeye alikuwa anafumba macho tangu kitandani mpaka barabarani. Nilijua hajalala. Hakutaka kuona watu wakimwona.

Na mimi nilikuwa mlemle. Akihitaji kitu aligonga ubao wa kitanda kwa mkono wa kushoto. Nikishona mstari mmoja, ngo ngo ngo. Nikitia maji jikoni, ngo ngo ngo. Kwaya niliacha. Sokoni Mirongo nilikuwa nakwenda mbio na kurudi mbio, nikinunua kwa muuzaji wa kwanza bila kuchagua. Wakati mwingine nilisimama pale koridoni, mgongo ukutani, kabla sijaingia kwake, nikalia kidogo, nikajifuta, nikaingia.

Siku moja ya kiangazi nilimwomba jirani akae naye, nikamwambia nakwenda kununua vifungo. Nilipanda basi mpaka Kisesa, kwa dada yangu. Ndani ya mkoba, chini ya kitambaa, nilikuwa nimeweka nguo zangu tatu. Dada alinipikia ugali na sato, tukala, tukaongea habari za watu wa zamani. Kwenye saa tisa akaniuliza, “Mdogo wangu, umekuja kwa siku ngapi?” Nikanyanyuka, nikachukua mkoba, nikapanda basi la kurudi. Nilifika bila vifungo, na hakuna aliyeniuliza.

Baada ya safari ile ndipo nilipoamua ukuta wa korido utoke.

Nilimwita fundi ambaye zamani alijifunza kazi kwa mume wangu. Sasa ni mtu mzima, ana wajukuu, ana mafundi wake. Alikuja, akaugonga ukuta kwa vifundo vya vidole huku na huku, akatega sikio.

“Mama, huu ni wa kugawa tu,” alisema. “Haubebi kitu. Siku mbili tunautoa, korido na sebule vinakuwa kitu kimoja, kiti kinazunguka kinavyotaka.”

Nilifurahi mpaka nikampikia chai ya maziwa. Tulikunywa sebuleni, hatua kumi kutoka kwa mtu aliyeujenga ukuta ule, na hakuna kati yetu aliyeingia kumuuliza. Jioni nikiwa namlisha nilimwambia, “Kesho ukuta wa korido unatoka. Utakuja kukaa na mimi sebuleni.”

Akageuza uso kijiko kisimfikie. “Bado.”

“Siyo bado. Kesho,” nikamjibu, nikampangusa mdomo.

Mafundi walifika mapema, yule mkubwa na wenzake wawili. Niliifunika cherehani kwa shuka. Nilifunga mlango wa chumba kwa ajili ya vumbi, nikabaki ndani na mume wangu. Tindo ilipoanza kulia ukutani, naye akaanza. “Bado! Bado! Bado!” Alikuwa anapiga ubao wa kitanda kwa nguvu ambayo sikujua kama anayo.

Fundi akajibu kutoka koridoni, kwa sauti ya kumpenda, “Tunakwenda polepole mzee, usiwe na wasiwasi!” Nikawasikia wenzake wakicheka.

Nilidhani kelele zinamsumbua. Nilimmiminia chai kutoka kwenye chupa ndogo, kikombe chake na changu, juu ya sinia la bati, nikaliweka kwenye kimeza kilicho kando ya kitanda. Akachukua kikombe chake, akaimwaga chai yote sakafuni. Akachukua na changu, akakimwaga.

Hapo uvumilivu ulinishinda. “Unanifanyia nini?” nilimpigia kelele. “Mimi ni mtumwa wako? Nimekukosea nini mimi?”

Hakunitazama. Alivifudikiza vile vikombe viwili juu ya kimeza, mbalimbali. Juu yake akalaza sinia. Juu ya sinia, katikati, akasimamisha chupa ya chai. Kwa mkono mmoja kila kitu kilimchukua muda mrefu. Halafu akanitazama, akakichomoa kikombe kimoja. Sinia likaanguka, chupa ikabingirika mpaka chini ya kitanda.

Nilipiga magoti kuitafuta huku nikilia kwa hasira. Nilipoinuka alikuwa ameshavipanga tena vikombe na sinia. Akanyoosha kidole kwenye kikombe cha pili. Akanyoosha kidole hichohicho kwenye ukuta, kule ambako nyundo zilikuwa zinapiga. Kisha akakielekeza juu, darini, kwenye zege lake.

Sitasahau jinsi nilivyosimama pale na chupa ya chai mkononi. Ukuta ulikuwa umebeba. Alikuwa ametuambia tangu jana, na tangu asubuhi alikuwa anatuambia kwa neno pekee alilonalo.

Niliukimbilia mlango. Nimeshika kitasa tu, nikasikia mlio mkavu, kama mtu anavunja mua gotini. Vumbi likashuka kutoka juu kwa mstari ulionyooka, kutoka pembe moja ya chumba mpaka nyingine. Nilivuta kitasa. Mlango haukusogea. Fremu ilikuwa imeubana kwa juu.

“Fundi! Acheni! Umebeba! Huo ukuta umebeba!”

Nyundo zilinyamaza. Nikasikia watu wanapumua upande wa pili. Kisha sauti ya fundi, ndogo sana: “Mama, usiuvute mlango. Tafadhali. Zege limeshuka kidogo na hiyo fremu sasa ndiyo inayosaidia kulishika. Kaeni hapohapo. Tunakwenda kutafuta mirunda, miti ya kulitegemeza.”

“Mpaka lini?”

“Kaeni tu, mama.”

Ilikuwa haijafika saa nne asubuhi. Mirunda ilitakiwa ipatikane, na kila mrunda upandishwe mlimani begani mwa mtu. Dirisha lilikuwa na nondo ambazo mume wangu mwenyewe alizipachika ili wezi wasiingie, na nyuma yake jiwe. Nilikaa ukingoni mwa kitanda. Kila baada ya muda punje za plasta zilishuka juu ya blanketi, naye akizipangusa. Joto lilianza. Chai ilikuwa sakafuni. Chakula tulichokuwa nacho ni uji uliobaki kwenye kikombe cha asubuhi.

Nilifikiri tutakufa mle ndani, na jambo la ajabu ni kwamba sikuomba Mungu kwanza. Kwanza niliongea. Nilimwambia habari za Kisesa. Nilimwambia kuhusu mkoba na zile nguo tatu chini ya kitambaa, na swali la dada yangu, na kwamba sikurudi kwa sababu ya upendo, nilirudi kwa sababu sikuwa na jibu la kumpa mtu. Nilimwambia ule ubao wa kitanda nausikia hata nikiwa sokoni. Nilimwambia nimechoka kuliko mtu yeyote anavyojua, na kwamba wakati mwingine nikimwona amelala nasimama kutazama kama anapumua, na sijui huwa natarajia nini.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa ametazama jiwe. Baadaye akanyoosha mkono, akakichukua kile kikombe cha uji, akanisogezea. Nikakataa. Akakisogeza tena mpaka kikagusa mkono wangu. Nikaunywa wote, umepoa, una vumbi.

Kisha akanigonga begani, akaonyesha juu. Akakichukua kikombe kitupu, akakigeuza chini juu, kama mtu anayemwaga. Akaonyesha juu tena. Safari hii sikuchelewa.

“Fundi!” niliita. “Mko hapo? Mzee anasema tangi! Mmwage maji ya tangi, ni mzigo!”

“Nani anasema?”

“Mzee!”

Nilisikia mtu anakimbia kwenye ngazi ya nje. Muda si mrefu maji yakaanza kuporomoka nyuma ya nyumba, yakiteremka kwenye jabali mbele ya dirisha letu, na pimbi wakitawanyika wanapiga kelele. Yalimwagika kwa muda mrefu. Mume wangu alikuwa anatazama dari, midomo imekaza.

Maji yalipoisha fundi akaja karibu na mlango. “Mama, muulize mzee mirunda ya kwanza tuiweke wapi. Sebuleni au huku koridoni?”

Zaidi ya mwaka ulikuwa umepita bila mtu kumuuliza swali la kazi. Niligeuka nikamuuliza, neno kwa neno. Alifumba macho kidogo. Halafu akachora juu ya shuka kwa kidole: mstari wa ukuta, na pande zote mbili za mstari akagonga vitone. Mbele na nyuma. Akaweka kiganja chini ya kila kitone kuonyesha kitu bapa.

“Anasema pande zote mbili,” nilipaza sauti. “Na chini ya kila mrunda muweke ubao, usisimame kwenye sakafu tupu.”

“Juu je?”

Akalaza mkono.

“Na juu ubao mrefu, upite kwenye mirunda yote!”

Tulifanya kazi hivyo mpaka jioni, wao nje, sisi ndani, mlango katikati. Mume wangu alikuwa akisikia nyundo inagonga kabari ananyanyua kidole niwaambie wasikilize, maana alikuwa anajua kwa mlio kama mrunda umeshika au haujashika. Saa kumi na moja walikata sehemu ya juu ya mlango kwa msumeno, ukafunguka. Fundi aliingia akiwa mweupe kwa vumbi mpaka kope. Alipiga goti kando ya kitanda.

“Shikamoo mzee.”

“Bado,” mume wangu alimjibu, akampiga ngumi ya begani kwa ule mkono mzima. Ilikuwa ngumi ya kweli. Fundi akaipokea, akacheka, na machozi yakamchorea mistari usoni.

Tulikuwa hai, lakini hatukuwa tumetoka. Mirunda ilikuwa imejaa korido yote. Mimi nilipita kwa ubavu, tumbo nimelivuta ndani. Yeye asingeweza kupitishwa kwa namna yoyote mpaka ukuta utoke, na ukuta usingetoka mpaka bimu ya chuma iwekwe ya kubeba badala yake. Mafundi walinihakikishia kwamba ile mirunda ingeweza kubeba hata lori. Nililala chini ya lile zege kila siku nikiwa sijawaamini.

Bimu niliifuata mwenyewe Mirongo, kwa mfanyabiashara mzee wa Kihindi aliyemuuzia mume wangu nondo tangu wote wawili wakiwa na nywele nyeusi. Nilimwamkia, akaitikia, nikampa karatasi. Fundi alikuwa ameandika urefu, na pembeni mume wangu alikuwa amechora kwa mkono wa kushoto jinsi chuma kinavyotakiwa kuwa ukikitazama kwenye ncha yake, mistari imepinda kama ya mtoto wa chekechea. Mzee yule aliisogeza karatasi kwenye mwanga.

“Mama, huyu bwana hajawahi kujenga ukuta wa bure,” alisema. “Nondo moja tu, anabishana na mimi asubuhi nzima. Nani alisema ukuta haubebi?”

“Sisi.”

Akatikisa kichwa, akapiga simu kwenye ghala lake Nyakato, akawasomea vipimo mara mbili. Nilipokuwa natoka akaniita nyuma. “Mwambie nimeuona mchoro wake. Mwambie nimeuelewa.”

Gari lilishusha bimu barabarani, na kutoka pale ikapandishwa na wanaume kumi na wawili kwa kamba na miti. Walianza saa mbili, wakafika saa saba. Kwenye kila jiwe kubwa waliilaza, wakatukana kidogo, wakainua tena. Mimi nilikuwa nakwenda na kurudi kati ya dirisha la sebule na mlango wa chumba, nikimpa habari. “Imefika kwa muuza dagaa.” “Imekwama kwenye kona.” “Wanakunywa maji.” Alikuwa amekaa wima, mito mitatu mgongoni, jasho linamtoka kama vile na yeye ameishika kamba.

Nilidhani kesho yake itapachikwa. Lakini kwanza zilitakiwa zimwagwe nguzo mbili fupi za zege, kila upande moja, ndizo bimu ilale juu yake. Zilimwagwa. Asubuhi iliyofuata fundi akasimama katikati ya mirunda, akachungulia chumbani.

“Mzee, simenti nimeweka ya kutosha. Kesho kutwa tunapandisha.”

“Bado.”

“Siku nne?”

“Bado.”

Akanyanyua vidole vitano, akavikunja, akanyanyua viwili. Siku saba.

Nilikuwa nimesimama nimebanwa kati ya mrunda na fremu, ndoo ya maji machafu mkononi. “Mkubalie!” nilimwambia. “Siku nne zinatosha. Mimi siwezi kukaa humu siku saba, unanisikia? Siwezi.”

Alinitazama kwa huruma, nadhani ilikuwa huruma. Kisha akanyanyua vidole vitano tena, na viwili. Fundi akainamisha kichwa. “Basi, mama. Mzee ndiye anajua.”

Zile siku saba ndizo zilizonishinda kuliko hata ile siku ya mlango. Kila kitu kilipita kwa ubavu: uji, maji, ndoo, mashuka. Kila mrunda ulikuwa na msumari wake, na kila msumari ulijua gauni langu. Vumbi lilikuwa kwenye chumvi, kwenye godoro, kwenye mafuta ya cherehani. Wazazi wa wanafunzi walikuja kuchukua vitambaa vyao bila kushonwa, mmoja baada ya mwingine, wakinipa pole wakiwa nje. Na kila asubuhi fundi alikuja kutoa taarifa kwa mume wangu, si kwangu, na mimi nikasimama katikati yao kutafsiri. Ningekuwa mwongo nikisema nilimfurahia tu. Alikuwa amerudi kuwa fundi. Macho yake yalikuwa yameamka, alikuwa anakula vizuri. Mimi nilikuwa nimekuwa mdomo wake, na hakuna aliyeniuliza mdomo huo unasemaje wenyewe.

Ila katika kutafsiri nilijifunza. Kumbe bado zilikuwa nyingi. Ilikuwepo ya kukataa, fupi. Ilikuwepo ya kuuliza, inayopanda mwishoni. Ilikuwepo ya ndiyo, iliyotoka pamoja na pumzi. Kwa mwaka mzima nilikuwa nazisikia zote kama moja.

Siku ya nane walipandisha bimu kwa jeki mbili. Walivunja ukuta kwa juu kidogo kidogo, wakaingiza chuma, wakagongea vipande vya bati nene kwenye nafasi iliyobaki, wakashindilia simenti kavu. Wakasubiri tena siku ambazo mzee alizitaka. Ndipo wakalegeza jeki. Nilikuwa nimekaa kitandani karibu naye, nimemshika mkono ule usiohisi, kwa sababu ule mwingine alikuwa ameunyanyua kuwaamuru. Jeki zikashuka. Tulisikiliza. Hapakuwa na mlio wowote. Akaushusha mkono.

Mirunda ikatolewa, ukuta uliobaki ukashuka kwa sululu, kifusi kikatoka kwa karai. Mchana mwanga wa ziwa ukaingia mpaka kitandani. Chumba kile hakikuwahi kuwa na mwanga zaidi ya ule unaopenya kwenye jiwe. Alijifunika macho kwa kiganja, akakaa hivyo muda mrefu, na hatukumharakisha. Baadaye tukampandisha kwenye kiti. Kiti kikatoka mlangoni, kikageuka, kikaenda mpaka dirishani bila kugusa kitu.

Nilidhani hapo ndipo nitapumua. Wiki ya kwanza nilipumua kweli. Wiki ya pili nikaanza kuona kwamba sina pa kwenda. Akiwa kitandani ananiona kwenye cherehani, akiwa kwenye kiti ananiona jikoni. Hakuhitaji tena kugonga ubao, alinyanyua tu macho. Na pale nilipokuwa nasimama kulia hapakuwepo tena. Nilijikuta siku moja nimesimama chini ya bimu, katikati ya nyumba, mahali ambapo zamani mgongo wangu ulikuwa unapata ukuta, naye ananitazama.

Nilimwita fundi anichomelee bomba chini ya bimu, nikashona pazia zito la kitambaa kilekile cha sare, rangi ya bluu. Fundi alipoondoka nikakaa mbele ya mume wangu.

“Kuna saa nitalivuta hili,” nilimwambia. “Sitakuwa nimekukasirikia. Nitakuwa nataka kuwa peke yangu. Nikilivuta usiniite mpaka nilifungue, labda uwe unaumwa. Umenielewa?”

Alilitazama pazia kutoka mwanzo hadi mwisho, kama anavyotazama kazi ya mtu mwingine. Akaitikia kwa kichwa. Safari hii lile neno hakulihitaji.

Mwezi huu fundi alikuja asubuhi na wanaume wanne. Kuna mtu Nyakato anataka kuvunja ukuta wa nyumba yake aongeze chumba cha duka, na fundi hataki kugusa tofali mpaka mzee auone. Walimbeba na kiti chake, wakateremka naye kati ya mawe. Nilisimama dirishani kuwatazama. Alikuwa amefumbua macho, na kila walipokaribia jiwe baya aliwaonyesha kwa mkono wapite wapi.

Nyumba ikawa tupu. Sikujua nianze na nini. Nilifagia mahali palipokuwa pasafi. Niliketi kwenye cherehani, nikainuka. Nikachemsha viazi vitamu, nikala viwili vya kwanza nikiwa nimesimama jikoni, harakaharaka, vinaniunguza ulimi. Halafu nikachukua sahani, nikaenda kukaa dirishani, na cha tatu nikakimenya taratibu.